Mizani ya Saa Kumi na Mbili Asubuhi

Jumamosi, 5 Agosti 2006

Mke wangu Verlene amenipa daftari hili. Anasema kila ikifika Agosti mke wa Lamar Pettway huwa mjane, na mume mwenyewe huongea peke yake bafuni. Bora niongee na karatasi.

Haya, karatasi, sikiliza. Wachezaji tisini na wanne wameripoti leo. Kumi na watano ni wangu, watu wa mstari wa mbele, wale wanaosimama kati ya mrusha mpira wetu na majitu yanayotaka kumvunja mbavu. Mwaka wa ishirini na moja huu ninafundisha mstari wa timu ya mpira wa Kimarekani hapa Chuo cha Harlow Creek. Tangu 1999 sijapata mstari wa maana. Mwaka huu nauona unakuja. Mechi ya kwanza ni Septemba 2.

Usiku wa leo ulikuwa chakula cha kwanza cha kambi: kambare wa kukaanga, mkate wa mahindi, chai ya barafu yenye sukari ya kuua. Wachezaji wapya wamepanda kwenye kiti wakaimba, mmoja vibaya mno hadi wapishi wakatoka jikoni kumwona. Kisha benchi la ufundi, kila kocha na hadithi yake. Yangu ni ileile ya kila mwaka: jinsi mwaka 1978 kocha wetu alivyotaka watu wa ratili mia mbili sitini na mimi nikawa na mia mbili hamsini, nikafunga vyuma vya mazoezi mapajani kwa plasta, nikapanda mizani huku nimekaza uso kama shemasi. Nikifika mahali ambapo plasta inang'oka na nywele zake, meza zinapigwa ngumi. Kijana wangu mmoja, Tavoris Lyles, alicheka hadi akashika ukuta. Kila mwaka inanoga zaidi.

Jumatatu, 7 Agosti

Zoezi la kwanza. Kofia ngumu tu, bila kinga nyingine za mwili. Joto digrii tisini na sita za Farenhaiti saa nne asubuhi.

Renita Sykes, tabibu wetu, ametusomea sheria zake kama hatuzijui. Saa kumi na mbili asubuhi kila mtu anapanda mizani. Baada ya mazoezi anapanda tena. Aliyepoteza maji mengi na hajayarudisha kufikia asubuhi, siku hiyo anakaa kivulini. Dell Hargrove, kocha wa walinzi, amempa jina: Bi Mizani. Dell nilimfundisha mwenyewe hapahapa miaka kumi iliyopita, mdomo wake haujapata breki hadi leo.

Tavoris leo: 291. Wakati wa machipuo alikuwa 279 nikamwambia waziwazi, kwangu mtu wa chini ya 290 hachezi kushoto kwa mrusha mpira, na anayekosa zoezi amempa mwenzake nafasi. Kijana wa miaka ishirini, mpole, anasema "ndiyo, Kocha" kabla sijamaliza sentensi. Ameenda nyumbani amekula. Nimefurahi sana.

Jumanne, 8 Agosti

Tavoris asubuhi 291, jioni 282. Ratili tisa za jasho.

Jumatano, 9 Agosti

291 tena. Anakunywa maji kama lori linavyokunywa mafuta. Renita amewakalisha kivulini watu watatu wa Dell, na wangu hata mmoja. Nimemtania Dell chakula chote cha mchana.

"Watu wako wanayeyuka, bwana. Uwaweke kwenye friji."

"Na wako ni ng'ombe, Kocha. Ng'ombe hayeyuki."

Ijumaa, 11 Agosti

Mawingu yalikuja hadi mtoni, yakageuka. 291.

Jumatatu, 14 Agosti

Leo tumeanza mazoezi mara mbili kwa siku, saa moja asubuhi na saa kumi jioni, mavazi kamili, na mizani kabla ya kila zoezi. Kocha Mkuu Carlton Bivins ametuombea katikati ya uwanja, sala ndefu, viatu vyetu vikaanza kuzama. Yeye na mimi tulicheza pamoja chuoni, tukalala chumba kimoja miaka minne. Akisema amina najua sauti ile toka tukiwa na miaka kumi na nane.

Tavoris amemwangusha mtu wa Dell mara tano mfululizo. Nimemhamisha kikosi cha kwanza. Nilipomwambia, aliniuliza, "Kwa hiyo ni mimi, Kocha?" Nikamwambia, "Ni wewe, mwanangu, hadi utakapokosa zoezi." Nilisema kwa kucheka.

Jumanne, 15 Agosti

Mvua haikuja. 291.

Jumatano, 16 Agosti

Tunapoteza muda. Mizani iko chumba cha kubadilishia nguo, watu tisini wanapanga foleni, wakitoka hapo wanarudi kabatini kuvaa, wengine wanasahau kurudi. Nimemwomba Renita aihamishie kwenye geti la uwanja. Wapimwe wakiwa wamevaa suruali za mchezo, yeye atoe uzito wa suruali, kisha moja kwa moja ndani. Amekunja uso lakini Bivins amekubali. Dakika kumi tumezipata hapo. Najisifu mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine aliyenisifu.

Alhamisi, 17 Agosti

Nitaliandika jambo hili jinsi lilivyotokea, nisije nikaanza kulipamba.

Saa kumi jioni, digrii mia na tatu. Tavoris alipita getini, mizani ikasoma 291, nikampigapiga mgongoni. Saa moja baadaye tulikuwa kwenye zoezi la kusukumana wawili wawili. Aliinuka akaenda upande usio wake. Dell akapiga kelele, "Lyles! Basi limekuacha?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nikamwita. Akaniangalia kama mtu asiyenijua, akaniambia, "Ndiyo, Kocha," na mimi nilikuwa sijasema kitu.

Nilimwambia asimame vizuri. Nilimwambia, "Usinifanyie maigizo leo, mwanangu, leo sina nafasi." Maneno hayo ni yangu na nayaandika. Akachukua hatua mbili, akaanguka.

Renita alifika kabla sijainama. Ngozi ya kijana ilikuwa kavu na inaunguza kama bati. Tulimbeba watu sita hadi kwenye pipa la barafu lililo karibu na geti, na njiani Renita akikata nguo kwa mkasi, jezi, mikanda, kila kitu. Alipofika kwenye suruali ya ndani, ile yenye mifuko ya kuwekea sponji za kulinda mapaja, kitu kikadondoka kikapiga lami. Nilidhani ni simu. Kikadondoka cha pili.

Vyuma. Vile vidogo vya chumba chetu cha mazoezi, ratili mbili na nusu kila kimoja, jina la chuo limeandikwa juu kwa rangi. Vinne kila paja, vimefungwa plasta ili visigongane. Ratili ishirini. Amekimbia nazo saa nzima katika jua lile kwa sababu mizani ilikuwa getini na hakuwa na pa kuvitolea.

Renita aliniangalia mara moja tu, kisha akarudi kwenye kazi yake. Kipimo cha joto kilisoma mia na nane. "Mzima ni tisini na nane," alimwambia dereva wa gari la wagonjwa, kwa sauti ya kawaida kabisa, huku mikono yake imezama kwenye barafu hadi mabegani, imeshika kichwa cha kijana kisizame.

Hospitali wamempima kitandani: 268. Mia mbili sitini na nane! Ameniyeyukia mbele ya macho kwa siku kumi, na kila asubuhi mimi naandika 291 kwa kiburi. Hajazinduka.

Ijumaa, 18 Agosti

Leo saa kumi na mbili Renita aliwapanga watu wangu kumi na wanne waliobaki, akafunga mlango, akasema kila mmoja aweke sakafuni alichonacho, hataandika jina. Mimi nilisimama pembeni nikiwa na hakika hakutakuwa na kitu. Nilikuwa na hakika kabisa.

Vyuma vilianza kulia sakafuni. Nilihesabu vijana wanane. Mmoja alitumia mfuko wa mchanga, mwingine minyororo ya mbwa. Nilikaa kwenye benchi la kabati.

"Mmeanza lini?" nikauliza.

Yule mkubwa wao, wa mwaka wa nne, akasema taratibu, "Kocha, tulidhani unajua. Tulidhani ndiyo maana unasimulia."

Jumamosi, 19 Agosti

Kikao cha benchi la ufundi. Tavoris bado hajazinduka. Figo zimegoma, wamemwekea mashine.

Bivins alikuwa na karatasi mbele yake. Taarifa kwa rais wa chuo. Alisoma: mchezaji, kwa uamuzi wake mwenyewe, alificha vyuma ili kudanganya mizani. Benchi la ufundi halikuwa na habari. Mwisho.

"Na hadithi yangu?" nikauliza.

"Hadithi gani?"

"Carlton, usinifanyie hivyo. Watu tisini waliisikia."

"Ni utani wa chakula cha usiku, Lamar. Utani hauandikwi kwenye taarifa. Ukiuandika, wanasheria wataitafuna timu hii nzima, wewe, mimi, na hawa vijana wote waliokuja hapa kucheza." Aliniangalia kwa namna ya kipekee. "Na wewe na mimi tunajua ile hadithi ni nini."

Dell, ambaye hanyamazi hata kanisani, alikuwa akikunjakunja karatasi yake. Tulipotoka alinifuata hadi kwenye gari langu.

"Kocha, mimi niliweka."

"Uliweka nini?"

"Vyuma. Mwaka wa tisini na nne, na wa tisini na tano. Wenzangu wa mstari, Bryce aliweka, Womack aliweka. Tukawaonyesha waliokuja nyuma yetu namna ya kukunja plasta." Alikuwa analia, mtu wa ratili mia tatu, katikati ya maegesho. "Mwaka wa tisini na tano nilianguka bafuni, nikamwambia mwenzangu asiseme. Nilidhani ndivyo unavyotupima. Kwamba asiyeweka hana moyo."

Sikuweza kumshika hata bega. Miaka ishirini na moja nimejigamba kuwa watu wangu hawayeyuki.

Jumapili, 20 Agosti

Sikwenda kanisani. Verlene hajaniuliza kwa nini.

Jumatatu, 21 Agosti

Mvua. Sasa ndiyo inanyesha, sasa! Mazoezi yamefutwa. Mizani imerudishwa chumbani.

Jumanne, 22 Agosti

Nimeenda hospitali kumwona mama yake. Bi Earline Lyles, anaendesha basi la shule huko Mobile, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana. Alikuwa amekaa karibu na mashine, viatu vimevuliwa. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilivua kofia, nikasema, "Bi Lyles, ile njia ya vyuma, mimi ndiye niliyeisema. Niliisimulia kama kichekesho, usiku wa kwanza."

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Alinipigia simu usiku uleule. Alinisimulia yote, na sauti yako akaiiga. Ulivyokaza uso kwenye mizani. Plasta na nywele." Alikuwa hanitazami, anatazama namba za mashine. "Nilicheka hadi jirani akagonga ukuta. Nikamwambia, huyo kocha wako ni mtu wangu, mwanangu. Mtu aliyetaka kitu akakipata."

Nilisema samahani. Niliisema mara nyingi, sijui ngapi.

"Kocha, nimeshajilaumu siku tano, na mimi kosa langu ni kucheka tu. Wewe utafute pa kuliweka la kwako. Mimi hapa sina nafasi."

Nilitaka kumwambia na lile jingine. Nikavaa kofia nikatoka.

Ijumaa, 25 Agosti

Nimeandika taarifa yangu mwenyewe na kuipeleka kwa rais wa chuo, kwa mkono. Hadithi, ratili 290, "anayekosa zoezi", kuhamisha mizani, "usinifanyie maigizo". Renita alisaini chini ya sehemu yake. Renita na Bivins niliwaelewa kinyume: yule niliyemwona kero ndiye aliyekuwa akiwalinda vijana dhidi yangu, na yule niliyelala naye chumba kimoja hataki hata kunitazama korido.

Nimeandika yote. Karibu yote. Sentensi moja sikuiandika.

Jumamosi, 26 Agosti

Nimesimamishwa kazi. Dell amepewa mstari. Kanipigia kuniuliza kama nimekasirika. Nimemwambia atupe vyuma vya ratili mbili na nusu, vyote.

Jumanne, 29 Agosti

Figo zimeanza kufanya kazi kidogo. Verlene kapiga kelele jikoni tulipopata simu. Mimi nilikaa sakafuni.

Alhamisi, 31 Agosti

Amefumbua macho.

Jumamosi, 2 Septemba

Leo ni mechi ya kwanza. Toka asubuhi magari yamepita mbele ya nyumba na bendera zetu, watu wanachoma nyama maegeshoni, ngoma za bendi zinasikika hadi hospitali. Ni mara ya kwanza katika miaka ishirini na moja siko pale. Nilikwenda chumba namba kumi na nne.

Amekonda. Shingo yake imekuwa ya mtu mwingine. Daktari amesema ataishi, atatembea, lakini mchezo umekwisha, na figo zile zitamdai uangalifu maisha yake yote. Mama yake alikuwa anamkata kucha.

Nilikuwa sijafika hata kitandani.

"Nisamehe, Kocha," akasema. Sauti ilikwaruza. "Nilidanganya mizani. Nimekuaibisha."

Nimeona mengi mwezi huu, lakini hilo ndilo lililonipiga. Nilishika chuma cha kitanda. Bi Earline aliacha kukata kucha akanitazama, na nikajua nikitoka chumba hiki bila kusema, sitasema tena hadi nife.

"Tavoris, nisikilize. Ile hadithi ya vyuma."

Akatabasamu kidogo. "Ya sabini na nane."

"Haikutokea."

Hakuelewa. Nikaendelea, maana ningesimama ningekimbia. Nikamwambia niliitunga mwaka wangu wa kwanza hapa, usiku wa chakula cha kwanza, kwa sababu makocha wengine walikuwa na hadithi na mimi sikuwa nayo. Watu walicheka. Mwaka uliofuata nikaongeza plasta. Mwaka mwingine nikaongeza nywele. Bivins alijua, tulilala chumba kimoja, na hakuwahi kusema kwa kuwa ilikuwa inachekesha. Sikuwahi kufunga chuma mwilini mwangu. Simjui mtu aliyefunga, kabla sijaisema.

Nje bendi ilikuwa imeanza ule wimbo wa kuingia uwanjani.

"Kwa hiyo ulikuwa na ratili ngapi?" akauliza. "Kweli kweli."

"Mia mbili sabini na moja. Walitaka mia mbili sitini. Sikupungukiwa hata siku moja."

Alinitazama muda mrefu, macho yale ya kwanza ya mtu mzima niliyowahi kuyaona kwake. Hakusema "ndiyo, Kocha." Aligeuza uso kwenye dirisha.

"Toka nje," Bi Earline akasema.

Nilitoka. Nilikuwa nimefika kwenye lifti niliposikia miguu yake nyuma yangu, mitupu, bila viatu. Nilidhani anakuja kunipiga, na nilisimama nipigwe.

"Kesho saa nne wanaanza kumsimamisha," alisema. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Manesi ni wawili, na mimi mgongo wangu ni wa basi. Peke yetu hatumwezi, bado ni mzito. Uje umshike upande mmoja. Usiongee naye. Umshike tu."

Nimemwambia nitakuja.